Kibonzo cha kiongozi: ni maoni au ni utovu wa adabu?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Niliwaonyesha wanafunzi kibonzo cha gazetini kilichomchora waziri mwenye kitambi akiwa amebeba gunia la fedha, darasa likagawanyika: wengine walisema ni maoni kuhusu ubadhirifu, wengine wakasema ni kumvunjia mkubwa heshima. Mpaka uko wapi? Tena, kuna kibonzo kilichowahi kuwa na athari katika kashfa ya serikali?

JIBU: Mwalimu, nitaanza na swali lako la pili, kwani ndilo linalolifungua la kwanza.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni cha jiji la New York mwaka 1871. Jiji hilo lilikuwa mikononi mwa mwanasiasa William Tweed na wenzake wa Tammany Hall, kundi lililokuwa likikiendesha chama cha Democratic jijini humo, waliokuwa wakijichotea fedha za umma kwa ankara za uongo: mkandarasi aliandika gharama mara nyingi zaidi ya thamani ya kazi, kisha sehemu kubwa ya ziada ikarudi kwa wakubwa. Katika ujenzi wa jengo la mahakama, seremala mmoja aliandikiwa zaidi ya dola 360,000 kwa kazi ya mwezi mmoja. Mwezi Julai gazeti la New York Times lilianza kuchapisha hesabu hizo, lakini safu za tarakimu zinahitaji msomaji mwenye subira, na wengi waliompigia Tweed kura walikuwa wahamiaji maskini ambao baadhi yao hawakujua kusoma.

Ndipo Thomas Nast, mchoraji wa jarida la Harper's Weekly, alipozipa hesabu hizo sura. Katika toleo la tarehe 19 Agosti aliwachora wahusika wamesimama duara, Tweed na kitambi chake wakiwa mbele, kila mmoja akimnyooshea kidole jirani yake, na chini pameandikwa swali la nani aliyeiba fedha za wananchi. Katika mchoro mwingine alimwekea Tweed mfuko wa fedha mahali pa kichwa, alama ya dola ikiwa ndiyo sura yake. Novemba mwaka huohuo Tammany ilishindwa vibaya katika uchaguzi, ingawa Tweed mwenyewe alikihifadhi kiti chake cha useneta wa jimbo. Alihukumiwa mwaka 1873, akatoroka mwaka 1875, na mwaka uliofuata akakamatwa Hispania, ambako kibonzo cha Nast kilisaidia kumtambulisha. Alifia gerezani mwaka 1878.

Sisemi kwamba kalamu ya Nast peke yake ilimwangusha mtu huyo. Bila hesabu zilizochapishwa, michoro ile ingekuwa tuhuma tupu. Hapo ndipo ninapouona mpaka unaoutafuta. Kitambi cha Tweed kilisimama badala ya fedha zilizoliwa, na fedha hizo zilikuwa na ankara. Lakini Nast huyohuyo aliwachora Waayalandi kama nyani, na hapo hapakuwa na kosa lililothibitishwa wala tendo la mtu yeyote, ila chuki dhidi ya watu kwa sababu ya asili yao. Hilo ni tusi, hata kama mkono uliolichora ulikuwa hodari, na ninaomba usiwafiche wanafunzi wako.

Karibu na kwetu, mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi, aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa na mnyororo na tufe zito mguuni wakati wa kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi hizo ziliisha bila hukumu ya hatia, ile ya Kenyatta ikiondolewa Desemba 2014 na ile ya Ruto ikikomeshwa Aprili 2016. Je, mnyororo ule ulikuwa dhuluma? Mimi naona ulikuwa halali kwa kipindi ambacho mashtaka yalikuwapo, kwa kuwa ulieleza mzigo walioingia nao Ikulu; kuuchora leo kana kwamba walitiwa hatiani kungekuwa uongo.

Kwa hiyo, Mwalimu, kirudishe kibonzo kile darasani pamoja na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka unaohusika, kisha uwaulize wanafunzi gunia lile limetoka ukurasa gani.