Helikopta hukatwa wapi?

"Helicopter" ina sehemu mbili au nne?

Unauliza mdomo au maana? Litamke polepole huku ukipiga makofi: he-li-cop-ter. Makofi manne, silabi nne. Lakini waliolibuni waliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, "helix", kitu kilichojizungusha kama skrubu, na "pteron", yaani bawa. Mpaka wa maana uko kati ya "helico" na "pter", mahali ambapo Mwingereza hapumziki, maana "pt" haianzi silabi kinywani mwake. Matokeo yake wakaja kukata "copter" wakaitumia peke yake, kipande kisicho na asili.

Tusiwacheke. "Anapika" tunaitamka a-na-pi-ka, ilhali mzizi ni -pik- na "a" ya mwisho ni kiambishi tamati. Silabi imeupasua mzizi wala hatushtuki.

Neno refu ndilo lenye silabi nyingi?

Hapana. "Strengths" ina herufi 9 na silabi 1. "Area" ina herufi 4 na silabi 3. Hesabu irabu zinazosikika. Na katika silabi ile moja ya "strengths" wamebanana watatu: "strong" iliyobadili irabu, "th" inayounda nomino, na "s" ya wingi.

Nilisomeje lile neno la herufi 45?

Yaani pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, ili tu liwe refu. Silabi zake ni 19, ila ukianza na silabi utachoka njiani. Anza na maana, tena kutoka mkiani, kwa sababu Kiingereza hutanguliza sifa na sisi hutanguliza jina: "osis", ugonjwa, "coni", wa vumbi, "volcano", la volkano, "silico", la madini ya silika, "ultramicroscopic", dogo kupita uwezo wa hadubini, "pneumono", mapafuni. Umeshapata sentensi ya Kiswahili iliyonyooka. Sasa rudi mwanzo ulitamke kipande kwa kipande. "P" ya kwanza iache, haitamkwi.

Mstari ukiisha, nikate "know-ledge" au "knowl-edge"?

Kamusi za Marekani hufuata matamshi: knowl-edge. Desturi ya Uingereza hufuata muundo wa neno: know-ledge. Shika moja. Mimi hulisukuma neno zima mstari wa chini.