Simu ya Mzazi na Uzito wa Mtoto

SWALI: Binti yangu ametimiza miaka minne. Kliniki wameniambia kuwa uzito wake umezidi ukilinganishwa na urefu wake. Shoga yangu amenishauri nipakue programu ya simu, niwe ninampima kila asubuhi na kuandika kila anachokula. Mume wangu anapinga. Anasema mtoto atapungua mwenyewe akirefuka, na kwamba simu hailei mtoto. Nimsikilize nani?
Mama Binti

JIBU: Mama Binti, mumeo ana hoja katika jambo moja. Mtoto wa umri huo hapunguzwi uzito, isipokuwa daktari awe ameelekeza hivyo. Kinachotakiwa ni uzito usipande kwa kasi, ili urefu upate kuufikia. Hata hivyo, kungoja tu hakutoshi. Kwa kawaida mtoto huanza kuwa mwembamba baada ya kutimiza mwaka mmoja, huendelea hivyo hadi miaka mitano au sita, kisha mwili huanza tena kujaza. Anayeanza kujaza mapema kuliko wenzake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa na unene uliokithiri baadaye, na binti yako yupo katika miaka hiyohiyo.

Ushauri wa kumpima kila asubuhi siuafiki hata kidogo. Baba mmoja aliwahi kunionyesha simu yake yenye rekodi ya uzito wa mwanawe kwa miezi mitatu: siku uzito ulipopanda paliwekwa alama nyekundu, uliposhuka, ya kijani. Tulipokuwa bado tunazungumza, mtoto alipanda juu ya mizani iliyokuwa pembeni, akageuka na kuuliza, “Baba, leo mimi ni nyekundu?” Alikuwa hajafikisha miaka mitano. Uzito wa mtoto hubadilika siku kwa siku kwa sababu ya maji aliyokunywa au choo alichokwenda, kwa hiyo rekodi ile haikumfundisha baba lolote, ila mtoto alikuwa ameshaanza kuuonea mwili wake aibu. Vipimo viache vifanyike kliniki, kwa siku watakazokupangia.

Je, programu zina faida? Zinayo, lakini si ile inayotangazwa. Nchini Sweden, watafiti wa Taasisi ya Karolinska walitengeneza programu iitwayo MINISTOP kwa ajili ya wazazi wa watoto wadogo. Jaribio la kwanza lilihusisha familia 315 zenye watoto wa miaka minne, kwa miezi sita, na mafuta ya mwilini hayakutofautiana na ya watoto ambao wazazi wao hawakuitumia. Toleo la pili lilitolewa kwa wazazi kupitia wauguzi wa kliniki za watoto. Safari hii watoto walipunguza vitafunwa vitamu na vya chumvi, vinywaji vyenye sukari na muda wa kukaa mbele ya skrini, na wazazi walijiamini zaidi katika kuwaongoza, ingawa uwiano wa uzito na urefu haukubadilika. Nionavyo mimi, hapo ndipo penye thamani yake: programu humsaidia mzazi kubadili mwenendo wa nyumba, na mwenendo huo ukidumu miaka, mwili wa mtoto nao hufuata.

Basi andika yale unayoyafanya wewe, Mama Binti, wala si kila tonge analomeza mtoto. Chagua jambo moja kwa majuma kadhaa, kwa mfano kinywaji. Soma lebo: kinywaji chenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 kina gramu 30 katika chupa ya mililita 300, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai. Weka arifa ikukumbushe kutenga maji mezani kabla mtoto hajaketi, na jioni uandike kama uliyatenga. Wakati wa kula weka simu mbali. Wewe ndiye wa kuamua chakula gani kiandaliwe na saa ngapi. Yeye ndiye wa kuamua ale kiasi gani, na akisema “nimeshiba”, sahani iondolewe bila ubishi.

Jihadhari pia na programu za watu wazima. Tuseme mtoto wa kike wa miaka minne ana urefu wa sentimita 100 na uzito wa kilo 19.5. Ukigawa kilo hizo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 19.5, na programu ya watu wazima itakuambia kwamba yuko sawa, kwa kuwa kwao kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni kawaida. Ukimtazama katika chati ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani, mtoto huyohuyo ana uzito uliozidi. Programu isiyouliza jinsia na umri wa mtoto kwa miezi, ifute.

SWALI: Programu niliyopakua ina michezo ya kumfundisha mtoto vyakula bora, na mwanangu wa miaka mitatu anaipenda mno. Nimwachie?
Baba Kijana

JIBU: Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Wa umri wa mwanao anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, 60 kati yake ziwe za kuhema hasa, na saa 10 hadi 13 za usingizi. Dakika za mchezo huo zihesabu ndani ya saa hiyo moja, kaa naye anapocheza, na uangalie kama katikati ya mchezo halijitokezi tangazo la peremende, kwa maana programu nyingi za bure huishi kwa matangazo.