Mwendo wa treni

Juzi usiku watoto wameshalala, nakunja nguo, simu ikalia. Ujumbe wa msomaji. Ana mapacha wa mwaka na nusu, anaishi Mbeya, mama yake yuko Bukoba na hajawatia machoni wajukuu wake tangu wazaliwe. "Dada, wewe na watatu unawezaje kusafiri? Mimi hata sokoni nikienda nao narudi nataka kulia."

Nilimjibu aende tu. Baadaye nikaona jibu lenyewe halina adabu, mtu amejieleza vile halafu unamjibu maneno mawili. Na kusema ukweli nina jambo limenikaa kooni miaka mitatu sasa, kwa hiyo mdogo wangu wa Mbeya nivumilie, nitapita Lushoto kwanza.

Shemeji yangu alikuwa anaoa. Kwao mume wangu ni Lushoto, na wakati huo tulikuwa na watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano na wa pili miwili. Mimi kwa kiherehere changu nikaandika kwenye kundi la familia: "Saa nane mchana tutakuwa tumeshafika, msiwe na wasiwasi." Hakuna aliyeniuliza. Nilijitangazia mwenyewe.

Basi likatoka Dar saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya Chalinze tairi likapasuka. Tukakaa pembeni ya barabara, jua linapanda, na kwenye kundi wameanza: "Mmefika wapi?" Korogwe mtoto analia njaa, nikampa maziwa ya chupa nzima kumnyamazisha, maana kila nikitazama simu nilikuwa nimeshapandwa na presha. Anayeijua njia ile ameshajua kilichofuata. Ukitoka Mombo barabara inaanza kupanda mlima, kona juu ya kona mpaka Soni. Maziwa yote yakarudi. Na mimi nilikuwa nimeshavaa sare ya harusi ndani ya basi ili tukishuka tuingie ukumbini moja kwa moja!

Tuliingia saa mbili usiku. Keki imeshakatwa. Nimejifunga kanga juu ya sare iliyolowa, mtoto mmoja kalala begani, mwingine anataka kujisaidia. Wifi yangu akanitazama kuanzia chini mpaka juu, akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Watu wa Kigoma bwana! Hata harusini mnakuja na mwendo wa treni."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote.

Baada ya hapo sikusafiri tena na watoto. Akazaliwa wa tatu, Krismasi zikapita, mama yangu kule Kigoma anapiga simu, mimi nasema nauli, nasema shule, nasema mtoto ana mafua. Mwaka huu mwezi wa tano akaniambia kwa utulivu kabisa, "Huyu mdogo nitamjua kwa picha, si ndiyo?" Juni shule zilipofungwa nikabeba wanangu. Mume wangu alibaki, likizo yake ilikataliwa, na ninavyomjua sidhani kama alisikitika sana.

Mama akauliza, "Mnafika lini?" Nikamwambia, "Tukifika, mama." Akanyamaza kidogo. "Haya. Mimi nipo."

Kama una haraka na hutaki kusoma yote, ushauri wangu ndio huo, usitaje saa. Ukiulizwa taja wiki.

Dar mpaka Dodoma tulikwenda na treni ya umeme. Mimi nililipa 31,000, wakubwa wawili nusu nusu, huyu mdogo bure kwa sababu hajafika miaka minne. Nilipiga hesabu ya basi na ya treni nikajiona mjanja. Ni safari nzuri, sina neno. Choo kisafi, watoto wanasimama na kutembea, wa kati alikuwa anatusomea mwendo kwenye kioo, "Mama, mia na hamsini na tisa! Mama, mia na sitini!" Lakini kufika Morogoro mkubwa ameshachoka. Akagonga dirisha kwa kidole. "Mama, mbona halifunguki? Wauza ndizi watatupitishia wapi?"

Kosa ni langu, nimewalea kwa hadithi za treni ya zamani. Mimi nilizaliwa Kigoma, na baba alikuwa anafanya kazi Dar, kwa hiyo utoto wangu mwingi umepita kwenye reli. Mama alikuwa anasafiri nasi wanne, peke yake, siku mbili, wakati mwingine tatu, na ndoo ya mawese na kikapu cha dagaa chini ya kitanda. Hakuna simu. Alimwandikia baba barua kwamba tutapanda treni ya wiki fulani, basi. Baba alikuja stesheni, asipotukuta anarudi nyumbani, kesho anakuja tena. Sikumbuki hata siku moja mtu amemuuliza mama mbona umechelewa. Wangemuuliza nini? Treni imefika, na yeye amefika nayo.

Kitu kimoja alichokuwa nacho ni kanga. Doti moja alifunga kati ya vitanda viwili, ikawa bembea ya mtoto mchanga, treni yenyewe ndiyo inayombembeleza. Nyingine pazia, usiku ikawa shuka, asubuhi taulo. Kwa hiyo mdogo wangu wa Mbeya, beba kanga. Usibebe hayo mabegi yenye mifuko kumi na saba yanayouzwa mitandaoni, nilinunua moja kwa safari ile ya Lushoto na katikati ya kona sikukumbuka mifuko ya plastiki niliiweka mfuko upi. Beba kanga, beba maji, na nguo za kubadili ziwe juu, si chini ya begi.

Dodoma tukalala kwa ndugu siku mbili. Hapo sina la kusimulia, watoto walitazama katuni.

Treni ya kwenda Kigoma, hii ya reli ya zamani, ilitakiwa itoke asubuhi. Ikatoka saa tisa alasiri. Ningekuwa mimi wa Lushoto ningekuwa nimeshagombana na mtu. Safari hii nilitandika kanga stesheni tukala mihogo. Tulikuwa na nafasi daraja la pili la kulala, chumba cha vitanda sita, pamoja na mama mmoja mtu mzima anayekwenda Kaliua na binti wa dada yake. Dakika kumi hazijapita mtoto wangu mdogo yuko mapajani kwa yule mama anatafunishwa karanga. Alimwita mjukuu tangu mwanzo mpaka mwisho wa safari, na sikuwahi kumuuliza jina.

Saranda tulifika giza limeshaingia. Nilikuwa nimewaambia watoto kuhusu kuku wa Saranda mpaka nikaogopa, isije ikawa hawapo siku hizi na mama yao akawa mwongo. Wapo! Taa za tochi zinakimbia pembeni ya mabehewa, beseni kichwani, "Kuku! Kuku wa moto!" Mkubwa akatoa kichwa dirishani, akatoa hela yake mwenyewe aliyopewa na baba yake, akapunguziwa bei, akapokea kuku mzima amefungwa kwenye gazeti. Treni ikaanza kuondoka chenji bado. Yule kijana muuzaji akakimbia sambamba na dirisha, akamtupia noti mkononi. Mwanangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Angeweza kubaki nayo." Sikuongeza neno, nikamgawia paja.

Usiku wa manane wa kati akaamka anataka kujua nani amejenga reli hii, kwa nini inatikisika. Nikamwambia Wajerumani, walianza Dar mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914. Akahesabu kwa vidole gizani. "Miaka tisa?" Nikamwambia ndiyo, sisi tumechelewa kwa saa chache tu, lala.

Tabora huwezi kuikwepa. Hapo mabehewa ya Mwanza yanakatwa yanashika njia yake, na kazi hiyo haina haraka. Watoto walishuka na mimi wakatazama mafundi wanavyoyaachanisha na kuyaunganisha, chuma kwa chuma, kishindo, mdogo akipiga makofi kila mara kama yuko kwenye mchezo. Tulinunua asali. Chupa ilivuja ndani ya begi, lakini nguo za kubadili zilikuwa juu, nimeshasema.

Baada ya Urambo niliwapa simu. Naandika hili ili msinione malaika. Mdogo alikuwa ameanza kuharisha kidogo, nikamchanganyia maji ya chumvi na sukari ya pakiti niliyonunua duka la dawa kabla ya safari, nampa kijiko kijiko, na wale wawili wanapigania kitanda cha juu. Nilifika mwisho wangu. Nikawapa simu mpaka ikazima chaji. Yule mama wa Kaliua akanicheka. "Sisi tulikuwa tunawachapa," akasema. "Afadhali simu." Pakiti hizo zibebe tano au sita, hazina uzito, na maji yawe mengi kuliko unavyodhani. Kwa njia za kona, usimjaze mtoto maziwa kabla ya mlima, mpe ganda la ndimu anuse. Mama yangu alitufanyia hivyo na mimi nikajifanya nimesoma zaidi yake.

Hapa nitasema kitu na wenye kukasirika wakasirike. Wazazi wa rika langu tunawasafirisha watoto kama mzigo wa mteja. Mzigo umetoka saa ngapi, umefika saa ngapi, umefika mzima, tuma picha. Mtoto akitaka kusimama atazame siafu tunamvuta mkono. Tunamvuta kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya wifi! Kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kiti ukumbini na sahani ya pilau. Mimi nilimtapisha mwanangu mlima mzima wa Usambara kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika kwenye kundi. Nyinyi wenzangu mna sentensi zenu. Zifuteni. Najua kuna wenye likizo ya siku nne na bosi anayehesabu, sawa, basi nendeni karibu. Nendeni Bagamoyo, nendeni Kibaha kwa shangazi. Ila msitaje saa.

Uvinza tulinunua chumvi kwa sababu mama yangu angeniuliza. Kigoma tukashuka saa saba usiku.

Kwa mahesabu yangu nilitegemea teksi. Kumbe mama alikuwepo, amekaa kwenye benchi la stesheni na koti la marehemu baba, pembeni yake chupa ya chai. Nikashtuka, mama umejuaje? Akasema hakujua, ameuliza tu mchana stesheni wakamwambia treni imetoka Tabora. Akamchukua mdogo kutoka mgongoni kwangu bila kuomba ruhusa, akamtazama chini ya taa, akasema, "Mwakeye," ingawa ilikuwa usiku na hiyo ni salamu ya Kiha ya asubuhi. Mtoto ambaye Dar hawezi kushikwa na mgeni akalaza kichwa begani pake. Nilijifanya nahesabu mabegi.

Tulikaa wiki tatu. Ugali wa muhogo na migebuka mpaka watoto wakasahau chipsi. Siku moja tulikwenda Ujiji kuona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, mkubwa hakujali hata kidogo, alitaka maembe. Alichokipenda ni meli ya Liemba. Nilimsimulia kwamba ile meli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma kwa reli hii hii ndani ya maboksi maelfu, ikaunganishwa ziwani, vita ilipokuja Wajerumani wenyewe wakaizamisha, na Waingereza wakaja kuiibua 1924. Akauliza, "Ilivyopita Saranda walikuwa wanauza kuku?" Hilo sina jibu lake. Lakini mdogo wangu wa Mbeya, kama meli nzima imepitishwa kwenye njia ile, mapacha wawili watashindwaje kusafiri? Mimi sijalea mapacha, sitakudanganya, mikono yako ina kazi mara mbili ya yangu. Tafuta binti wa kukusindikiza, mlipie nauli hata ukikopa. Kanga mbili za bembea, si moja. Maji.

Wiki iliyopita wifi akapiga. Desemba kuna maulidi kwao, anataka tuwepo wote, na amesikia nimekwenda mpaka Kigoma na watoto, "Hongera wifi, umekuwa mzoefu!" Nikamshukuru. Nikamwambia tutakuja.

Akauliza tutafika saa ngapi. Nikamwambia mdogo yuko bafuni peke yake na maji yanamwagika, nitampigia.