Maswali kwa Daktari: Nyonga Iliyopasuliwa Mara Moja, Je, Ipasuliwe Tena?

SWALI: Bwana Daktari, nakusalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, nina miaka 31. Miaka miwili iliyopita nilipasuliwa nyonga ya kuume nje ya nchi, kwa njia ya matundu madogo na kamera, kwa sababu ya maumivu ya kinena. Niliambiwa kwamba kikombe cha nyonga yangu ni kifupi kidogo tu, na kwamba ukingo wake ulikuwa umechanika. Nilipata nafuu miezi minane, kisha maumivu yakarudi, na sasa nikiteremka kutoka nyumbani nahisi kana kwamba mguu unataka kuchomoka. Mpasuaji mwingine anashauri turudie kwa njia ile ile. Familia iko tayari kuuza kiwanja. Je, upasuaji wa pili unawasaidia watu wenye hali kama yangu? — Mama Mwalimu, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama Mwalimu, pole kwa maumivu. Upasuaji wa pili unawasaidia wengi, lakini kwa kawaida hauwafikishi pale ambapo upasuaji wa kwanza uliofanikiwa huwafikisha wagonjwa, na msaada wenyewe hutegemea sana sababu iliyofanya ule wa kwanza usidumu. Kwa hiyo, kabla ya kiwanja kuuzwa, mwulizeni mpasuaji ni kitu gani anachoamini kilibaki bila kutengenezwa, na kama vyombo vyake vinaweza kukifikia.

Nyonga ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa. Ukingo wa kikombe hicho umezungushiwa pete ya gegedu iitwayo labrumu, ambayo hufanya kazi kama ule mpira wa kifuniko cha sufuria ya presha: huziba, ili ute wa kiungo usitoke na kichwa kisicheze. Kikombe kikiwa kifupi, mzigo ambao ungebebwa na mfupa huiangukia labrumu na mfuko wa kano unaokizunguka kiungo, navyo huchoka na kuchanika. Ufupi huo hupimwa kwenye picha ya radio kwa pembe ambayo Msweden Gunnar Wiberg aliieleza mwaka 1939. Pembe ya digrii 25 na kuendelea huhesabiwa kuwa ya kawaida. Chini ya 20 ni displasia kamili, yaani kikombe kisichokifunika kichwa cha paja vya kutosha. Na katikati ya hizo, ingawa wengine huanzia 18, ndipo walipo watu walioambiwa, kama wewe, kwamba kasoro yao ni “kidogo tu”. Neno hilo silipendi, kwa sababu linamfanya mgonjwa, na wakati mwingine hata mpasuaji, aamini kwamba mfupa hauna neno na kwamba kinachodai matengenezo ni labrumu peke yake.

Wanaorudi kwa mara ya pili hukutwa na mambo yanayojirudia. Wengine wana kinundu cha mfupa kwenye shingo ya paja ambacho hakikuondolewa chote, kikaendelea kuigonga labrumu. Wengine labrumu ilichanika upya, au ilikatwa badala ya kushonwa. Wengine wana makovu yaliyonata ndani ya kiungo. Na kuna wale ambao mfuko wa kano ulifunguliwa ili kamera ipite, kisha haukufungwa. Katika nyonga iliyofunikwa vizuri na mfupa, kosa hilo la mwisho huenda lisimsumbue mgonjwa kwa muda mrefu. Katika nyonga yenye kikombe kifupi linaondoa mojawapo ya vizuizi vichache vilivyobaki. Siwezi kukupima kwa barua, lakini hisia yako ya mguu kutaka kuchomoka wakati wa kuteremka inanifanya niulize kwanza habari za mfuko huo. Itafute ripoti ya upasuaji wa kwanza, kwani ndimo ilimoandikwa kama ulishonwa au uliachwa.

Matokeo hupimwa kwa hojaji yenye alama 100, iliyotokana na ile ya Mmarekani William Harris ya mwaka 1969, inayouliza juu ya maumivu, kuchechemea, ngazi, kuvaa soksi na mengineyo. Ongezeko la alama 8 hivi huhesabiwa kuwa nafuu ambayo mgonjwa mwenyewe anaihisi. Lakini kuna kizingiti kingine, karibu na alama 74, ambacho wagonjwa wakikifikia husema kwamba hali waliyo nayo wanaweza kuishi nayo. Tofauti ya vizingiti hivyo ndiyo jibu la swali lako: baada ya upasuaji wa pili wengi huvuka kile cha kwanza, na wachache zaidi hukifikia cha pili, kwa kuwa wameanzia chini. Mtu anaweza kupanda kutoka 45 hadi 65, akalala usiku bila dawa, na bado asiweze kusimama darasani siku nzima. Mwenye displasia ndogo hufaidika zaidi pale labrumu inapookolewa, mfuko wa kano ukafungwa na kukazwa, na kinundu kilichobaki kikaondolewa. Gegedu likiwa limekwisha kulika, hasa nafasi ya kiungo ikiwa chini ya milimita 2, kurudia kamera ni kupoteza fedha. Wengi wa hao huishia kwenye nyonga ya bandia.

Jambo ambalo kamera haiwezi kulifanya ni kurefusha kikombe. Kama vipimo vitaonyesha kwamba nyonga inacheza kwa sababu ya mfupa, basi kuna upasuaji mkubwa zaidi, ulioanzishwa na Reinhold Ganz huko Bern, Uswisi, mwaka 1984, ambao hukata mfupa kuzunguka kikombe, hukigeuza kikifunike kichwa, na kukikaza kwa skrubu. Ni mzito, na mfupa huchukua miezi kuunga, lakini kwa mtu wa umri wako mwenye gegedu zima unastahili kujadiliwa kabla ya matundu ya pili, wala si baada ya matundu ya tatu.

Upate basi picha mpya ya radio ya nyonga zote mbili ukiwa umesimama, pembe ipimwe na iandikwe. IRM (picha ya sumaku) itaonyesha labrumu, na skana itaonyesha jinsi mfupa wa paja ulivyojipinda. Sindano ya ganzi ndani ya kiungo pia ina thamani kubwa: maumivu yakitoweka kwa saa chache, chanzo kiko humo ndani, yakibaki vile vile, tuutazame mgongo na misuli, na kiwanja kingoje. Kama hukufanya kine (mazoezi ya tiba ya viungo) ya kutosha mara ya kwanza, na wengi wanaopasuliwa nje hurudi nyumbani kabla haijakamilika, ianze sasa. Ukipasuliwa, panga magongo kwa majuma kadhaa na nyumba ya muda mahali tambarare, kwa maana miteremko ya Kadutu wakati wa mvua haihurumii mshono mpya.

SWALI: Mama mkwe anasema nyonga yangu iliharibika kwa sababu nilibebwa mgongoni nilipokuwa mtoto, na hataki nimbebe wangu. Ni kweli? — Dada wa Bagira, Bukavu

JIBU: Ni kinyume chake. Mtoto anayebebwa mgongoni hutanua mapaja, na mkao huo hukisukuma kichwa cha paja katikati ya kikombe kingali laini. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za displasia kuwa adimu kwetu. Kinachodhuru ni kumviringisha mtoto mchanga kwa nguo huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja. Kama nyonga yako inauma, mwachie mama mkwe ambebe mjukuu wake, kitenge kikazwe chini ya makalio na magoti yakumbatie kiuno.