Chuma chenye nembo ya Krupp si alama ya dhahabu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tukichimba msingi wa banda la ng'ombe huku Kahe, Moshi, tumekuta chuma kirefu kilichokunjwa kingo, kina matundu na maandishi KRUPP 1910. Jamaa mwenye mashine ya kupimia madini anasema kilitoka kwenye chelezo (gati la kutengenezea meli) cha manowari za Mjerumani, Dar es Salaam, na ni alama ya dhahabu. Anadai milioni mbili aje kuchimba. Tumpe?

JIBU: Marahaba. Msimpe hata senti.

Mnachonieleza ni taruma la reli, yaani kile chuma kinacholazwa chini kushikilia reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na ilipita hapo hapo Kahe. Matundu ni ya kufungia reli, na Krupp ni kiwanda cha Essen, Ujerumani, kilichouza reli na mizinga vilevile. Ni nembo ya kiwanda tu, haielekezi popote.

Kinachonikera ni kwamba matapeli hawa huanzia kwenye jambo la kweli. Chelezo kilikuwepo Dar es Salaam, kikielea, na Wajerumani wenyewe walikizamisha mlangoni mwa bandari Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, ili kuwazuia Waingereza. Manowari Königsberg ilipoharibika mitambo na kujificha Rufiji, sehemu za matanuri yake zilikokotwa nchi kavu na wapagazi wetu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikarudishwa. Ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa, ikatengenezwa na kupelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja ulifika Kahe kwenu. Wajerumani waliulipua waliporudi nyuma Machi 1916. Basi chuma cha manowari kilifika Kilimanjaro kweli, lakini kilikuja kama mzinga.

Na hiyo dhahabu? Mwaka 1916 kule Tabora, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli, kwa kuwa fedha iliwaishia. Mwaka huohuo walikuwa wakifyatua heleri, sarafu zao ndogo, kutokana na maganda ya risasi. Serikali iliyofikia hapo ingefukia dhahabu chini ya kila taruma kwa sababu gani? Nimeshaulizwa habari hii na watu wa Arusha, Same na Mwanga, na kila mara kuna mtu aliyeuza ng'ombe au kiwanja kumlipa mwenye mashine. Mashine ikilia, imeona chuma. Kwenye uwanja wa vita wa 1916 italia siku nzima.

Tena chuma kingine kinachoweza kuwa chini ya ardhi hiyo ni kombora ambalo halikulipuka. Mkikuta kitu kizito, cha mviringo, kilichochongoka upande mmoja, msikigonge kwa sururu wala kukikata kwa gesi. Ondoeni watoto, wekeni alama kwa mbali, iteni polisi.

Hilo taruma nalo msiliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwani mali ya reli huleta kesi. Mpelekeeni taarifa mwenyekiti wa kijiji, kisha endeleeni na banda lenu.