Mnaoanza kuchukua samaki Mikindani kwa baiskeli: mkibanwa na gari, fanyeni hivi

Wadogo zangu mlioanza mwaka huu kuchukua samaki Mikindani na kuwapeleka mjini Mtwara, nimewaona. Nawaona alfajiri mkifunga matenga kwa mipira, kisha nawaona mkiendesha juu kabisa ya ukingo wa lami, mmejikunyata kama watu wanaoomba radhi kwa kuwapo barabarani. Kazi hii naifanya mwaka wa 11 sasa. Bei ya changu na kibua mtajifunza wenyewe pwani. Nataka tuzungumze habari ya gari linalokuja kwa nyuma na kukukosa kwa kiganja, kwa sababu hilo hatufundishani. Mtu akibanwa hivyo anasema "Mungu kaniepusha", anafuta jasho, anaendelea. Kesho dereva yule yule anambana mwingine.

Ijueni kwanza njia yenyewe. Ni kilomita kama 10 tu, lakini ndiyo njia ya malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, ya saruji, na kuanzia Oktoba ya korosho. Asubuhi tunakwenda mashariki. Jua likishachomoza linampiga usoni dereva aliye nyuma yako, na kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi hadi karibu saa mbili hakuoni vizuri hata akitaka. Jioni ukirudi na tenga tupu jua limehamia magharibi, na hali ni ile ile. Ukiweza kufika mjini kabla jua halijapanda, fanya hivyo. Usipoweza, jihesabu kuwa huonekani.

Kuna na upepo. Miezi ya kusi, yaani upepo wa kusini, kuanzia Aprili hivi, upepo unakupiga ubavu wa kulia, nawe bila kujua unaegemea kulia ili usisukumwe. Lori likija sambamba nawe linaukata ule upepo ghafla, na baiskeli inainama kulia, yaani upande wa lori. Likimaliza kupita, upepo unarudi na kukutupa kushoto, mchangani. Nilianguka mara mbili kabla sijaelewa kwamba sikuguswa na chochote. Sasa nikisikia mngurumo nyuma nalegeza viwiko, nashika usukani bila kuukaba, naacha kukanyaga pedeli kwa nguvu, na nasubiri pigo la pili. Hilo la pili ndilo linaloangusha wengi, maana lori limeshapita na wao wameshapumua.

Treila ina hatari yake peke yake. Dereva akiona kichwa cha lori kimekupita, anarudi kushoto, kumbe nusu ya treila bado iko ubavuni mwako. Matairi ya nyuma yanakuja yanakata ndani. Kwa hiyo usihesabu umepitwa mpaka uone taa za nyuma.

Halafu tenga. Dereva anapima mabega yako, hapimi tenga lako, na tenga limekuzidi upana pande zote mbili. Mwenzangu mmoja wa Magengeni yeye hakuguswa, lililoguswa ni tenga, na lilimzungusha kama pia. Funga mzigo kwa urefu, ufuate baiskeli. Mimi nimefunga kwenye keria kijiti kinachotoka upande wa kulia kiasi cha shubiri mbili, nacho kina kitambaa cheupe. Dereva anakikwepa kile kijiti hata kama mimi hanijali. Nyuma ya tenga weka riflekta nyekundu na taa. Alfajiri bila taa hata malalamiko yako hayatasimama, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni hilo.

Mahali pa kukaa barabarani watu wanabishana sana, nami nitasema ninavyoona. Ukikumbatia ukingo, dereva anaona nafasi ya kupenya hata gari lingine linapokuja mbele, na wewe huna pa kukwepea zaidi ya shimo. Kaa hatua moja kamili ndani ya lami. Penye kalavati, au pale lami ilipomomonyoka, tazama nyuma mapema, nyoosha mkono wa kulia, chukua nafasi yako waziwazi, kisha mkishavuka mpishe. Lakini ukiona lori nyuma na basi mbele, na hesabu inaonyesha watakutana pale pale ulipo, shuka. Shuka mapema na kwa utulivu, ukanyage mchanga kwa mguu. Kinachoua ni kuyumba katikati ya maamuzi mawili.

Mtauliza nafasi ya kutosha ni ipi. Ujerumani tangu 2020 sheria yao inataka mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji, na Uingereza mwongozo wao wa barabarani wa 2022 unasema angalau mita 1.5 kwa mwendo wa mjini. Mita 1.5 ni kama mkono wa mtu mzima ulionyooshwa, ukaongezwa mwingine kama huo. Nikizungumza na madereva pale kwenye chai huwa nawaonyesha kipimo hicho kwa mkono, na wengi wanashangaa kwa dhati. Wao wakiwa juu kule wanaona wametuachia nyingi.

Sasa, umebanwa. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, na hasira imepanda. Usimfukuze. Mimi nilimfukuza mmoja, mwaka wangu wa pili, na nikamkuta kwenye foleni ya malori. Nilipofika sikuwa na pumzi ya kusema. Nilipiga kelele, akakana, utingo akateremka, watu wakajaa. Mwishowe nikaulizwa lori gani hasa, maana yalikuwepo matatu yanayofanana, na sikuweza kuapa. Samaki wangu walikuwa juani muda wote ule.

Badala yake, macho yako yafuate namba. Isome kwa sauti, irudie rudie kama mtoto wa madrasa mpaka usimame. Teremka, weka stendi, kunywa maji, kagua mipira ya tenga. Halafu toa simu, hata kama ni kitochi, mtumie mwenzako ujumbe: namba, rangi, maandishi ya mlangoni, mahali, unaelekea wapi, amefanya nini. Ule ujumbe una saa yake ndani, hakuna atakayekubishia. Mahali pataje kwa kitu kisichohama: kalavati, shule, tuta, kibao cha kilomita. "Karibu na mwembe" hapamsaidii askari.

Na hapa wengi wanakosea: namba unayoiona nyuma ni ya treila, na treila imesajiliwa peke yake. Kichwa kina namba nyingine mbele. Treila leo inavutwa na kichwa hiki, kesho kingine. Andika ya nyuma, ila weka na rangi ya kichwa na jina lililoandikwa, na kama lori limesimama mbele huko, pita kwa amani usome ya mbele. Kibao cheupe ni cha gari la biashara, cha njano ni cha mtu binafsi. Hilo litakusaidia kujua pa kwenda.

Pa kwenda pa kwanza ni kituo cha polisi, kwa trafiki, siku hiyo hiyo ukishauza. Usianze na hasira. Anza na namba, saa na mahali, kisha shahidi kama yupo. Mtu akikuambia "mbona hukugongwa", mjibu kwa adabu kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inahesabu kuendesha kwa hatari na kwa uzembe kuwa kosa hata kabla ya mtu kugongwa. Omba RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni, uiandike mahali usipoipoteza. Ukiwa umeanguka na kuumia, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda hospitali, ila kama hali ni mbaya tibiwa kwanza na mwenzako aifuatilie. Kwa dharura ya pale pale, piga 112.

Kama ni basi au gari lingine la biashara, peleka na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Mabasi ya masafa marefu yana kifaa kinachorekodi mwendo, kwa hiyo ukitoa saa na mahali sahihi wana pa kutazama. Na mwenye lori naye asisahauliwe. Wengi wanaandika simu mlangoni. Piga, jitambulishe, sema namba na kilichotokea, usitukane. Kuna msimamizi mmoja wa magari aliyenipigia tena jioni kuniambia amemwita dereva wake. Mwingine alinikatia simu. Endeleeni kupiga.

Pelekeni kwa pamoja. Mimi peke yangu nilikwenda kituoni mara mbili, nikasikilizwa, basi. Mara ya tatu tulikwenda watatu, kila mmoja na siku yake na saa yake, gari moja, kona moja. Dereva aliitwa. Alipotuona alitusalimia vizuri, akasema hakujua kama tunamwogopa kiasi kile, na siku hizi anapiga honi mapema na kusogea.

Hofu baada ya kubanwa vibaya ni ya kweli, msiione aibu. Niliwahi kukaa wiki nzima bila kupanda baiskeli, nikimwambia mama watoto kwamba samaki wameadimika. Kilichonirudisha ni jirani aliyekubali tuongozane siku nne, yeye nyuma mimi mbele, bila maneno mengi. Ukimwona mwenzako ameanza kupotea alfajiri, mpitie kwake.

Na ule ukingo uliomomonyoka, kabla hujaingia mjini, msiusemee vijiweni tu. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na barua inakwenda vizuri ikipitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Yetu tuliiandika mwaka jana, tukasaini watu 14. Shimo la kwanza limezibwa. La pili, lile la kabla ya kalavati, bado lipo. Mkilikaribia, ingieni ndani ya lami mapema.