Nilishindwa kusema "Jina la Bwana libarikiwe" kaburini kwa mwanangu. Je, nimekufuru?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, sasa wamebaki wawili. Naishi huku Rungwe, si mbali na Tukuyu. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, binti yangu wa darasa la pili alipata homa, siku ya nne akafariki. Pale kaburini iliposomwa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," watu wote waliitikia "jina la Bwana libarikiwe," ila mimi mdomo haukufunguka. Mpaka leo siwezi kuyasema. Nikipiga magoti kuomba, nakosa neno. Akina mama wa jumuiya wananiambia nijikaze, mtu aliyeokoka halii kama watu wa mataifa, na kwamba Mungu atanipa mwingine. Kuna mtumishi alikuja nyumbani akasema hapa pana mkono wa mtu, nitoe sadaka ya laki mbili aombe tumjue. Viatu vya shule vya mwanangu bado viko nyuma ya mlango, vina tope la siku ya mwisho aliyotoka shule. Siwezi kuviosha. Chakula hakipiti. Je, nimekufuru? Mungu amenikasirikia?

JIBU: Mama, pole. Pole sana. Nianze na la mwisho ili usisubiri: hujakufuru, na Mungu hajakukasirikia.

Maneno yaliyokushinda ni ya Ayubu, sura ya 1, mstari wa 21. Huku kwetu ni nadra mtu azikwe bila maneno hayo kusomwa, na ni maneno matakatifu, sitaki kuyapunguza hata kidogo. Ila kitabu cha Ayubu kina sura 42. Sisi wachungaji tumezoea kusimama kaburini na sura ya kwanza, tukafunga Biblia, tukarudi nyumbani kwa wafiwa. Ayubu mwenyewe hakuishia hapo. Alikaa chini siku saba, na katika sura ya tatu alipofungua kinywa aliilaani siku aliyozaliwa. Katika sura ya saba anamwuliza Mungu kwa nini amemfanya shabaha yake. Katika sura ya kumi anasema wazi kwamba nafsi yake imechoka na maisha. Ni Ayubu yuleyule, na Biblia ni ileile iliyosomwa siku ile kaburini.

Sasa sikiliza mwisho wake. Rafiki zake watatu walikuwa wamehubiri sura nyingi. Walimtetea Mungu kwa maneno mazuri, wakamwambia Ayubu atubu, wakamweleza kwamba hakuna anayeteseka bure. Katika 42:7 Mungu anasema hasira yake imewaka juu ya hao watatu, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Nimeusoma mstari huo miaka mingi na kila mara hunitetemesha mimi ninayeshika Biblia mbele za wafiwa. Waliomtetea Mungu ndio waliokaripiwa. Aliyelia, akahoji, akalalamika akiwa amemwelekea Mungu, huyo ndiye aliyeitwa mtumishi, na wale watatu wakaambiwa wamwendee yeye awaombee.

Basi mdomo wako haukufunguka. Wewe uko sura ya tatu, Mama. Hakuna anayeruhusiwa kukuvuta kwa nguvu akupeleke kwingine, na hata kuirudia sura ya kwanza kuna siku yake.

Hilo la kusema "Mungu atakupa mwingine" limenichoma, na naomba wanaolisema wanisikilize. Hesabu iliyo mwishoni mwa kitabu cha Ayubu ni ya ajabu. Kondoo wake walikuwa 7,000, akarudishiwa 14,000. Ngamia walikuwa 3,000, wakawa 6,000. Ng'ombe na punda vilevile, kila kitu mara mbili. Lakini watoto aliokuwa nao walikuwa kumi, na alipata tena kumi tu. Mbona nao hawakuwa ishirini? Wafafanuzi wa tangu zamani walijibu hivi, nami naamini walijibu vema: ngamia aliyekufa amekwisha, kwa hiyo analipwa, mtoto aliyekufa hajapotea mbele za Mungu, kwa hiyo halipwi kwa mwingine. Ayubu alikuwa na watoto ishirini, kumi nyumbani na kumi kwa Mungu. Nawe ukiulizwa una watoto wangapi, sema watatu.

Kuhusu kulia sina maneno mengi. Yesu alijua kwamba muda si mrefu atamfufua Lazaro, na bado alilia machozi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini", hakuwaandikia wasihuzunike. Anayekwambia ulie kidogo hana andiko.

Sasa huyo wa laki mbili. Hapa nasema kwa ukali kwa sababu nimeona nyumba zikivunjika. Usimpe hata shilingi. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali hilohilo: nani alikosa, yeye au wazazi wake? Yesu akakataa, si yeye wala wazazi wake. Na habari za wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine, akajibu mwenyewe: sivyo. Mtoto wako aliugua homa. Ukianza kutafuta mkono wa mtu, utaupata kwa jirani, utaupata kwa wifi, na huyo mama mnayechota naye maji, aliyekuletea ndizi siku ya pili ya msiba, hutaweza tena kumsalimia. Umefiwa na mtoto. Usikubali mtu akuuzie na kufiwa na majirani.

Unasema ukipiga magoti unakosa neno. Nitakuambia nilichokiona nikiwa kijana. Dada yangu alipofariki, kuna jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kila asubuhi kwa wiki mbili hivi baada ya watu kutawanyika. Hakuleta mstari wowote. Aliketi kwenye kigoda karibu na mama, akavuta ungo, wakamenya maharage. Wakati mwingine mama alianza kulia katikati, na yule mama aliendelea kumenya, mkono mmoja ukiwa juu ya goti la mama. Mchana anaondoka. Mama alituambia baadaye kwamba siku zile hakuomba hata mara moja, ila alijua anaombewa.

Paulo anasema jambo kama hilo katika Warumi 8:26: hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua, Mama. Ile sauti inayokutoka usiku wengine wakiwa wamelala, Mungu anaihesabu kuwa sala. Ukisema neno moja tu, "Kyala", yaani Mungu kwa Kinyakyusa, ukanyamaza, umeomba. Na siku ukitaka maneno, fungua Zaburi ya 88, usome kwa sauti. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa shukrani. Hii haigeuki, inaishia gizani. Nayo imo kwenye kitabu cha sala cha watu wa Mungu, ili mtu kama wewe akifika pale akute kuna aliyetangulia.

Chakula nacho si jambo dogo. Eliya alipolala chini ya mti akimwomba Mungu afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia inuka ule. Kulikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akalala tena, na malaika akamwamsha mara ya pili ale. Kwa hiyo mwambie mumeo au dada yako akupikie uji, unywe hata nusu kikombe. Kama usingizi umekukimbia kabisa, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, usikae nayo peke yako hata siku moja. Mwambie mtu usiku uleule, na asubuhi akusindikize hospitali. Wauguzi nao ni watumishi wa Mungu.

Viatu viache vilipo. Siku ukitaka kuviosha, utaviosha. Usipotaka, hakuna andiko linalosema viatu vya marehemu lazima viwe safi.

Jambo moja la kanisa letu la Moravian nataka nikuombe. Mwaka 1732, huko Herrnhut, Ujerumani, vijana wa ushirika walikwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kabla jua halijachomoza, wakaimba kati ya makaburi. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye desturi hiyo. Katika liturgia ya asubuhi ile tunamwomba Mungu atudumishe katika ushirika na ndugu walioingia katika furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita. Hapa kwetu tunasoma majina yao. Kunakuwa na baridi na ukungu, migomba inadondosha maji, matarumbeta yanaanza taratibu, na kila jina linatajwa polepole, la mzee wa miaka tisini na la mtoto mchanga, hakuna linalorukwa.

Mpe mzee wa kanisa jina la binti yako, majina yake yote, kabla ya Pasaka ijayo. Kama ushirika wenu hausomi majina, nitumie mimi. Ukiweza kuja alfajiri hiyo, njoo usimame nasi, na si lazima uitikie chochote. Ukishindwa kuja, tutalisoma.